Daftari la maombi lenye safu ya "Tarehe ya kujibiwa": nimelitumia, na haya ndiyo maoni yangu

Nianze na jalada, maana ndilo linalouza. Ni gumu, la kijani kilichokolea, na halina ile picha ya mikono iliyokunjwa chini ya miale ya jua ambayo wachapishaji wa vitu vya kiroho wanaiona kama sharti. Kwa hilo peke yake nilitaka kuwapa nyota moja papo hapo. Linaingia kwenye mkoba bila kulazimisha, lina utepe wa kuwekea alama, na karatasi yake ni nene kiasi: penseli na kalamu ya kawaida hazina shida, ila ile ya wino wa maji hupenya hadi upande wa pili. Kasoro iko kwenye mgongo. Kurasa zimebandikwa kwa gundi, hazikushonwa, na daftari la kufunguliwa alfajiri na usiku haliwezi kushikwa na gundi mwaka mzima. Langu limeshaanza kuachia katikati. Lakini tuyaache hayo, hakuna anayenunua daftari la maombi kwa ajili ya gundi.

Mimi kazi yangu ni hesabu. Nashinda kwenye safu: tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, baki. Nikifungua kitu chochote chenye jedwali, jicho langu huenda kwanza kwenye vichwa vya safu, kwa sababu pale ndipo aliyelichora anapojieleza bila kujua. Ukiona safu ya "sahihi ya mpokeaji", ujue kuna mtu aliwahi kuibiwa. Kwa hiyo tathmini hii itakuwa ya mhasibu anayesali, na anayetafuta sala za mafuta au muziki wa kuabudia aangalie kwingine.

Daftari lina sehemu tatu, na katikati yake wameweka wasifu mfupi wa watu kumi na wawili, mmoja kwa kila mwezi. Sehemu ya kwanza inaitwa "Maombi Yangu". Ni jedwali la safu nne: Tarehe, Ombi, Andiko, na ya mwisho, iliyozungushiwa mstari mwekundu, Tarehe ya kujibiwa.

Safu tatu za kwanza nazisifia bila kusita. Mtu anayeomba kichwani tu huwa anarandaranda. Ameanza na wagonjwa, dakika mbili baadaye anapanga safari. Ukishika kalamu, "Bwana utubariki sote" inakosa pa kukaa. Jedwali linakudai useme ni nani, na unamwombea nini hasa. Wala jambo lenyewe si geni. George Müller, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya yatima kule Bristol, Uingereza, mwaka 1836, na ambaye alijulikana kwa kutowaomba watu fedha za kuwalea watoto hao, alikuwa anaandika aliyomwomba Mungu na namna yalivyojibiwa. Kwa hiyo sina ugomvi na kuandika.

Ugomvi wangu ni na ule mstari mwekundu. Kwa macho ya ofisini, jedwali lenye tarehe ya kutoa upande mmoja na tarehe ya kurejeshewa upande wa pili lina jina lake: ni orodha ya wadaiwa. Na orodha ya wadaiwa ina namna yake ya kukukaa rohoni. Majina yaliyolipa huyaoni tena, macho yanakwenda kwenye nafasi tupu. Ukifungua kila usiku ukakuta maombi yaleyale yana tupu yaleyale, polepole unaanza kumtazama Mungu kama mdaiwa sugu. Hutamki, kwa sababu una adabu, lakini kusali kwako kunabadilika: unakuwa kama mtu anayekumbushia deni kwa upole.

Halafu jaribuni kuingiza majibu ya Biblia yenyewe kwenye safu hiyo. Mtume Paulo, katika Wakorintho wa Pili 12, anasema alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, na alichopata ni "Neema yangu yakutosha." Mwiba ulibaki. Sasa hapo Paulo angejaza tarehe au angeacha wazi? Na wale wa Waebrania 11? Sura hiyo watu wanaipenda kwa mstari wa kwanza, "imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo", wanauandika kwenye kadi na kwenye kuta. Mstari wa 13 sijauona kwenye kadi hata moja: "Hawa wote wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali na kuzishangilia." Orodha nzima ya mashujaa, na safu ya nne tupu kuanzia juu hadi chini.

Kwenye utangulizi kuna kurasa kadhaa kuhusu kuomba bila kukata tamaa, na hapo napo nina la kusema, maana ndiko safu ile ilikozaliwa. Mwandishi anaufafanua mfano wa mjane na kadhi katika Luka 18, kisha anahitimisha kwamba ukiomba kwa wingi na kwa kelele, Mungu naye atasalimu amri. Ndiyo, kadhi anasema hivyo: atampatia mjane haki yake "asije akanichosha kwa kunijia daima." Lakini huyo ni kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu, na Yesu anamtaja ili atofautishe. Kama hata mtu wa namna ile hatimaye hutenda haki, sembuse Mungu kwa "wateule wake wanaomlilia mchana na usiku"? Mjane hakurudi kwa sababu alikuwa na mbinu ya kumchosha hakimu. Alirudi kwa sababu haki yake ilikuwa pale, na hapakuwa na mlango mwingine. Halafu mwandishi ameishia mstari wa 7. Mstari wa 8, ambapo Yesu anauliza kama Mwana wa Adamu atakapokuja ataiona imani duniani, ameuruka. Ningekuwa mhariri ningeurudisha kwa herufi kubwa.

Hapo hapo nitaje na kosa la uchapaji: chini ya ukurasa mmoja wameweka "imani pasipo matendo imekufa" na kumpa Paulo. Ni Yakobo 2:26. Kwa daftari linalouzwa kwa watu wanaosoma Biblia, hilo ni kosa la aibu, na nadhani Yakobo mwenyewe angekuwa na la kusema.

Sasa sehemu ya pili, na hapa ndipo nilipolipenda daftari hili. Inaitwa "Mtu wa Wiki": kurasa 52, kila moja na maswali manne. Jina lake nani? Anapitia nini? Je, umemwuliza mwenyewe? Utamfanyia nini wiki hii bila kumwambia mtu?

Swali la tatu ni la dhahabu. Sijui nani aliliweka, lakini ninashuku si yule wa utangulizi. Tumezoea kuwaombea watu mahitaji tuliyowapangia sisi. Tunamwombea aliyefiwa apate faraja, asiye na mtoto apate mtoto, aliye peke yake apate mwenzi, na mwenye jina lake hatujamwuliza.

Kanisani kwetu kuna mzee anayemuuguza mke wake aliyepata kiharusi. Mama yule upande wa kulia umepooza na sauti imekwenda. Kwenye ukurasa wake niliandika kwa mwandiko mzuri, "Bwana amfariji." Kisha nikafika kwenye swali la tatu, nikashika simu.

"Mzee, nakuombea. Nikuombee nini hasa?"

Akanyamaza kidogo. "Binti yangu, faraja ninayo. Ninachokosa ni mtu wa kukaa na mama Alhamisi mchana, nikanyoe nywele na kuchukua dawa."

Basi Alhamisi mchana nikawa naenda. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu Wakorintho wa Kwanza 13, nimeusikia ukisomwa kwenye harusi hadi maneno yake yanapita masikioni bila kugusa kitu. Kwenye chumba kile nikaanza kuona mstari wa tano, ule wa upendo usiotafuta mambo yake, unafanana na nini. Ukutani kuna karatasi ya saa: kila baada ya saa mbili mama anageuzwa, kushoto, chali, kulia, na mzee anaweka alama kwa penseli. Akimgeuza anaweka mto kati ya magoti, kisha anachukua tochi na kukagua visigino, nyonga na mkia wa mgongo, anatafuta ngozi iliyoanza kuwa na rangi tofauti, kwa sababu kidonda cha kulalia kikishaanza ni vita nyingine. Anamkata kucha. Anamsimulia nani ameolewa, nani amegombana na nani kwenye kwaya, anasimulia kwa utani kama zamani, na anangoja pale ambapo mama angecheka.

Jioni wanasoma Zaburi. Siku niliyochelewa kuondoka walikuwa kwenye ya 136, ile ambayo kila mstari unaishia kwa "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Zamani walikuwa wanagawana: yeye anasoma mwanzo, mama anaitikia. Sasa mzee anasoma sehemu yake, anatulia kwa kitambo kilekile ambacho jibu lingechukua, halafu anaendelea na mstari unaofuata. Mistari 26. Hamsomei mama sehemu yake. Anamwachia.

Anaomba kila siku sauti ya mkewe irudi, ombi lilelile kwa maneno yaleyale. Nilimwonyesha daftari, nikamwuliza hii safu ya nne yeye angeijaza vipi. Akavaa miwani, akasoma, akanirudishia.

"Hiyo si ya kwangu kujaza," akasema. Kisha akaniuliza kama nimeona mkasi wa kucha.

Ndiyo maana nasema kurasa hizi 52 peke yake zinatosha kulihalalisha daftari. Imani isiyochoka na upendo usiojitafutia mambo yake tunavifundisha kama masomo mawili, kimoja cha kupiga magoti, kingine cha kutoka nje kusaidia. Kwa mzee huyu sikuweza kuona kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Angekuwa ameacha kuamini, nadhani angeendelea kumgeuza, ila kile kitambo cha kungoja mwitikio kingekufa. Angekuwa ameacha kumgeuza, sala yake ingekuwa ile ya Yakobo 2, ya kumwambia asiye na nguo aende kwa amani akaote moto.

Kuhusu wasifu wa kila mwezi, nitapita haraka. Zimeandikwa kwa lugha nyepesi, ukurasa mmoja kila mtu, na tarehe nilizozikagua ziko sawa. Ninayoipenda kuliko zote ni ya Monika, mama yake Augustino, aliyemlilia mwanawe kwa miaka mingi huku kijana akizunguka na mafundisho mengine na maisha mengine, hadi akabatizwa na Ambrosi kule Milano, Pasaka ya mwaka 387. Monika alifariki mwaka huohuo. Augustino aliandika kwamba askofu mmoja, akiwa amechoshwa na machozi ya mama huyo, alimwambia haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Ukurasa haufichi kwamba Monika alimfuata mwanawe hadi ng'ambo ya bahari kwa namna ambayo vijana wa leo wangeiita kero. Nimefurahi hawakumpaka rangi.

Ya Damiani wa Molokai nayo ni nzuri. Padre wa Ubelgiji, alikwenda mwaka 1873 kwenye makazi ya wagonjwa wa ukoma huko Hawaii, akafunga vidonda, akajenga nyumba, akachonga majeneza, mwisho akaugua yeye mwenyewe na kufa mwaka 1889. Ya Maximilian Kolbe, aliyejitolea kufa badala ya mfungwa mwenzake mwenye mke na watoto kule Auschwitz, kambi ya mateso ya Wanazi, mwaka 1941, wameiandika kana kwamba yote yalikwisha katika sekunde ile alipotoka kwenye mstari wa wafungwa. Baada ya pale alikaa kwenye chumba cha kuachwa ufe kwa njaa karibu wiki mbili, na ndipo akauawa kwa sindano, tarehe 14 Agosti. Mtu aliyeokolewa, Franciszek Gajowniczek, aliishi hadi mwaka 1995. Wiki zile mbili zinastahili aya yake. Kutoka mstarini kunahitaji ushujaa wa dakika moja. Kule ndani kulikuwa na siku baada ya siku.

Sehemu ya tatu sasa. Vuteni pumzi.

Inaitwa "Mizani ya Upendo". Kila usiku unajipa alama, kuanzia sifuri hadi kumi, kwa matendo ya upendo uliyofanya. Mwisho wa mwezi unajumlisha. Kuna nafasi ya "Jumla", na chini yake "Lengo la mwezi ujao". Nisamehewe, lakini hii ni taarifa ya mauzo.

Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani labda tatizo ni mimi na kazi yangu, naona hesabu kila mahali. Kwenye kikundi chetu cha maombi tuliolinunua tulikuwa kadhaa, na mwisho wa mwezi dada mmoja akatutajia, bila kuulizwa, kwamba amepata 287. Kimya kikatanda. Kijana aliyekaa karibu na mlango, ambaye najua alikuwa amelala hospitali na rafiki yake usiku tatu mfululizo, akafunga daftari lake taratibu. Alikuwa hajajaza chochote. Alisema alisahau.

Yesu alisema utoapo sadaka, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Ukurasa huu unauita mkono wa kushoto, unaupa kalamu, unauambia uandike. Na katika Mathayo 25, wale wa mkono wa kuume wanaposifiwa kwa kulisha wenye njaa na kutembelea wafungwa, wanashangaa: "Bwana, ni lini tulipokuona?" Hawakumbuki. Wangekuwa na Mizani ya Upendo wangetoa nakala pale pale.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sehemu hii inaua ile ya pili. Kule unaulizwa utamfanyia mtu nini bila kumwambia mtu. Kurasa chache mbele unatakiwa kukitolea alama. Na ukishajipa alama nane kwa ajili ya fulani, fulani naye anaanza kuonekana kama mtu aliyepokea kitu chako. Asiposhukuru, unaona pengo. Jedwali la kwanza limemfanya Mungu mdaiwa wako, jedwali la mwisho limemfanya jirani mdaiwa wako, na wewe katikati umekaa na vitabu vyako. Paulo anasema upendo "hauhesabu mabaya." Mimi naongeza kwa mamlaka yangu madogo ya mhasibu kwamba mema nayo hauyahesabu.

Basi nani alinunue? Anayeomba kwa mazoea na anataka kushikwa sikio, anunue. Kikundi cha maombi kinachotaka kuombeana kwa majina badala ya kwa jumla jumla, kinunue, ila mkubaliane tangu mwanzo kwamba sehemu ya tatu haifunguliwi. Anayemuuguza mtu kwa muda mrefu, au aliyekaa na ombi moja miaka mingi, namshauri aliache, au kama amepewa zawadi, afunike safu ya nne kwa karatasi. Nafasi tupu iliyozungushiwa wekundu si kitu cha kumwekea mtu wa namna hiyo karibu na kitanda. Na vijana wadogo wasipewe Mizani hata kwa mzaha. Wana mashindano ya kutosha.

Mimi nimefanya hivi: kichwa cha safu ya nne nimekikata mstari kwa penseli na kuandika "Niliomba tena", na hapo naweka tarehe kila nirudipo kwenye ombi lile. Imebadilisha kabisa ninavyolitazama jedwali. Safu haikai tupu, na anayeandikiwa kumbukumbu ni mwombaji. Kurasa za Mizani nimezichana. Kwa gundi ile hazikunipa kazi.

Wachapishaji wakitoa toleo jipya, naomba walishone mgongoni, wamrudishie Yakobo mstari wake, waongeze kurasa za Mtu wa Wiki ziwe mbili kwa kila mtu kwa sababu swali la tatu likijibiwa vizuri nafasi haitoshi, na aliyeandika utangulizi akae chini na aliyeandika maswali yale manne. Kwa sasa nawapa nyota tatu kati ya tano. Sehemu ya pili peke yake ingeuzwa kama daftari jembamba, ningetoa zote tano na kununua nakala nyingine kwa ajili ya yule kijana wa karibu na mlango.